Wimbo wa Stendi

Jumapili ile kanisa letu la Lumban Sosor liliimba nyimbo mbili kwa wakati mmoja, na fedheha ya namna ile hatukuwahi kuiona tangu kengele itundikwe mnarani.

Vijana walikuwa wamesimama mbele, Jonggi na gitaa lake pembeni, wakaanza wimbo mpya ambao mkewe, Mchungaji Lamria, aliutungia maneno na yeye akautia sauti. Ndiyo kwanza wamemaliza ubeti wa kwanza, Baba Haposan, kiongozi wa baraza la wazee, akainuka benchi la kwanza na koti lake jeusi, akafungua kitabu cha nyimbo, akaanzisha namba tatu kwa ile sauti yake ya kutikisa madirisha. Wazee wenzake wakamfuata. Vijana wakaona wakinyamaza wameshindwa, wakapandisha. Ikawa vurugu tupu. Sisi tuliokaa katikati hatukujua tufungue kinywa upande gani. Na sisi Wabatak, watu wa milima hii, tunajijua: mtoto hata kusema hajaweza, sauti ya pili keshaishika. Kuimba ovyo mbele ya Mungu kwetu ni aibu kuliko kukamatwa na kuku wa jirani.

Lamria alisimama madhabahuni, mikono imemlegea, uso umemshuka. Mwisho yeye mwenyewe akawapungia vijana wanyamaze, na namba tatu ikaimbwa mpaka ubeti wa mwisho.

Wimbo wenyewe ulioleta kasheshe ulikuwa hivi:

*Bwana wa stendi na wa bandari,*
*unalijua basi alilopanda;*
*kaa naye kiti kimoja,*
*na asipopiga simu, uwepo pale.*

*Mahali pake mkekani*
*hatujamkalisha mtu mwingine.*

Basi, hayo tu. Lakini milimani kwetu hakuna nyumba isiyo na mtu aliyeondoka. Kama si kisiwani Batam kwenye meli, ni Riau kwenye mashamba ya michikichi, au jijini Jakarta kusikojulikana. Siku ile, kabla namba tatu haijawafunika vijana, nilimwona mama mmoja mbele yangu amejifunika uso kwa shali.

"Wimbo wa stendi!" Baba Haposan alisema uwanjani baada ya ibada, makusudi watu wasikie. "Leo stendi, Jumapili ijayo watatuimbisha choo cha stendi!"

Watu walicheka. Lamria alikuwa hatua tano tu pale mlangoni akiwapa watu mikono, na alisikia kila neno.

Jumatatu asubuhi wazee watatu walibisha hodi nyumba ya mchungaji. Jonggi akatandika mkeka mzuri, na mama yake, ambaye kijiji kizima kilimwita Ompung, bibi, akaleta kahawa na ndizi za kukaanga. Baba Haposan hakugusa ndizi.

"Mchungaji, hatukuja kugombana," alianza, na anayeanza hivyo huwa amekuja kugombana. "Mkuu wa jimbo anafika Jumamosi, Jumapili anahubiri. Kabla hajahubiri utasimama useme wimbo ule umefutwa, hautaimbwa tena Lumban Sosor."

"Na nisiposema, Baba?"

Akatoa bahasha mfukoni, akaiweka juu ya mkeka. "Humu tumeomba uhamishwe. Sahihi kumi na mbili."

"Kwa wimbo mmoja?"

"Katika kanisa hili wimbo usio na namba kitabuni hauimbwi. Baba zetu walizikwa kwa kitabu hiki. Wewe miaka mitatu tu umekuja, unatuletea mabasi madhabahuni."

"Baba Haposan," Lamria alisema taratibu, "kuna kosa gani kwenye maneno? Nionyeshe neno moja la uongo nilifute leo."

Mzee alikunja uso. "Wewe unajua kosa lake," akasema. "Unalijua vizuri sana."

Lamria hakulijua. Wageni walipoondoka, Ompung alikusanya vikombe kwa hasira, vikawa vinagongana.

"Kanisa limenihamisha mara nne," alisema. "Nne! Nimesema safari ya tano nitahama nimelala, mmenibeba. Na yeye hata ndizi zangu hakula, mzee yule. Zilikuwa na kasoro gani ndizi zangu?"

Jonggi alikuwa mlangoni akitazama nyuma ya nyumba, ambako miche yake mia sita ya kahawa ndiyo kwanza ilikuwa imeweka matunda. Ardhi ya kanisa, nyumba ya kanisa. Mchungaji akihama, kahawa haihami. Na binti yao Sere ndiyo kwanza alikuwa amepata shoga darasani, baada ya mwaka mzima wa kukaa dawati la peke yake.

Jumanne Lamria alifanya kazi zake. Alimpelekea sakramenti mzee aliyevunjika nyonga, akafundisha watoto wa kipaimara, akapatanisha ndugu wawili waliogombea mfereji wa mpunga. Kila alikopita aliamkiwa kwa heshima, kisha akasikia minong'ono mgongoni.

Jumatano kulikuwa na harusi, na huko ndiko walikomkomesha.

Kwetu nyama ya sherehe haigawiwi kimya. Nguruwe hukatwa mafungu, na kila fungu huitwa kwa sauti mbele ya watu wote: taya la wajomba, shingo ya wakwe, ubavu wa majirani. Anayeitwa husimama, hupokea, hushukuru, na watu wote wanajua yeye ni nani pale. Kanisa lina fungu lake, na hupewa mchungaji. Siku hiyo mwita mafungu alikuwa binamu yake Baba Haposan. Akaita wajomba, akaita wakwe, akaita majirani, akaita mpaka wapiga tarumbeta. Jonggi alikuwa tayari ameushika mfuko wa plastiki. Halafu mwita mafungu akajifuta mikono na kusema, "Tumemaliza, jamani. Asanteni."

Watu waliangalia chini. Kila mmoja alijua kilichofanyika, na hakuna aliyefungua mdomo, hata mimi. Jonggi aliukunja ule mfuko mdogo, akaukunja tena, akautia mfukoni.

Njiani kurudi nyumbani, watu wa mbele na wa nyuma yao wamebeba nyama, Lamria alisema, "Baba Sere, nitaufuta."

"Usiufute kwa ajili ya nyama."

"Si nyama. Ni kahawa yako. Ni mama. Ni Sere. Wimbo nitaandika mwingine."

"Utaandika upi?" Jonggi alisimama katikati ya barabara. "Utaandika ule wasioukasirikia? Huo si wapo nao tayari, wana kitabu kizima!"

"Usinipigie kelele barabarani."

"Sipigi kelele. Naumia."

Wakaendelea kutembea mpaka nyumbani.

Alhamisi Lamria alikwenda kwenye banda la kuchambulia buni kuwaambia wanawake kwamba wimbo umekwisha. Aliona heri wasikie kwake kabla ya Jumapili. Kabla hajafika mlangoni alisikia sauti. Wanawake ishirini na kitu, wamekaa chini na nyungo mapajani, wanatoa buni mbovu na kuimba. Wimbo walioimba ulikuwa wa stendi, na tayari walikuwa wameushonea sauti nne, na alto ilikuwa nzuri kuliko ile aliyoiwaza Jonggi.

"Mchungaji, karibu!" Mama Ronggur alimwita. Huyu ndiye kiongozi wa kwaya ya akina mama, mdomo wake haujawahi kufungwa na mtu. "Tumekuharibia wimbo wako, tumeupandisha kidogo. Mumeo ameutunga chini mno, alidhani sisi wote tuna mafua."

Wakaangua kicheko. Lamria alikaa, akachukua ungo, akaanza kuchambua nao, maana yale aliyokuja kuyasema yalikuwa yamemkwama.

"Nimekuja kuwaambia..." akaanza.

"Ngoja kwanza," alisema Tiarma, mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni. Kwa kawaida ni mpole, husikii sauti yake. "Mchungaji, mimi tangu utoto naimba habari za jangwa. Jangwa sijaliona. Naimba mto Yordani, sijui uko wapi. Naupenda wimbo, ninauimba, lakini akili yangu inabaki nyumbani. Jumapili ndiyo mara ya kwanza nimemwombea mume wangu na basi lake. Nimeliona kabisa lile basi, la bluu, kioo kimepasuka. Nikamwambia Mungu, kaa kiti cha dirishani, yeye anapenda cha njiani." Akacheka, huku machozi yanamtoka. "Nyumbani nikalala usingizi. Mwezi mzima nilikuwa silali."

Hakuna aliyecheka naye. Mikono iliendelea kuchambua.

"Haya, Mchungaji," Mama Ronggur akasema. "Ulikuja kutuambia nini?"

"Nimekuja kuwaambia mmeupandisha vizuri," alijibu Lamria.

Jioni alimtuma mtu kwa Baba Haposan na maneno machache: Mwambie nimefikiri, na sitaufuta.

Ijumaa, saa ya soko, Mama Haposan aliingia kwa mlango wa jikoni na samaki mkubwa kwenye beseni. Mke wa mzee, mwanamke mkimya, hajawahi kufika nyumba ile bila mumewe.

"Nimeleta samaki tu," alisema. Kisha akakaa juu ya gogo la kuni na kuanza kulia.

Lamria alifunga mlango.

"Mume wangu yuko stendi sasa hivi," Mama Haposan alisema. "Kila Ijumaa. Anasema anakwenda mjini kununua tumbaku. Tumbaku ipo hapa hapa dukani, Mchungaji! Anakaa kwenye benchi la basi linalotoka bandarini, mpaka abiria wa mwisho ashuke, halafu anarudi. Mwaka wa nne sasa. Haposan hapigi simu, haandiki, hatujui kama anakula." Akajifuta. "Kutwa nzima watu wanamwita Baba Haposan, Baba Haposan. Kila akiitwa, namwona inavyomchoma. Halafu Jumapili akasikia vijana wanaimba stendi na simu isiyopigwa. Alirudi nyumbani anatetemeka. Akasema, yule binti amenifuata, ameniona, amenitungia wimbo nichekwe."

Lamria alishika kichwa. "Mama yangu! Sikujua. Haki ya Mungu sikujua hata kidogo. Nimemtungia kaka yangu, Parasian. Yuko Jakarta, au alikuwa Jakarta. Mwaka wa tano huu. Ngoja nimfuate mzee, nimweleze leo leo."

"Usithubutu!" Mama Haposan alimshika mkono kwa nguvu. "Akijua nimetoa siri ya stendi, sitakuwa na pa kuweka uso. Miaka arobaini sijawahi kumwaibisha. Niahidi."

Lamria akaahidi, na ahadi ile ilimnyima usingizi.

Jumamosi mkuu wa jimbo alifika na gari lake lenye matope. Ni mtu mnene, mchangamfu. Alikula samaki wa Mama Haposan mpaka akalamba vidole, akamsifu Ompung mpaka Ompung akasahau habari za ndizi. Barua alikuwa ameshakabidhiwa barabarani, hata kabla hajazima injini.

"Lamria," alisema baada ya chakula, "mimi si mtu wa vikao virefu. Kesho nitaona mwenyewe watu wako na nani. Wakiwa na wazee, utafunga mizigo, na usinilaumu. Wakiwa na wewe, nitawapumzisha wazee kumi na wawili kwa mkupuo. Nitaamua hapo hapo."

Mgeni alipokwenda kuoga, Ompung alimvuta mkwewe kando, macho yanamng'aa.

"Umeshinda, mwanangu. Mama Ronggur kapanga. Kesho Baba Haposan akianzisha namba tatu yake, hakuna mwanamke atakayefungua mdomo. Hakuna! Na waume zao wameshaambiwa: atakayeimba, wali atapika mwenyewe. Aimbe peke yake, mkuu amwone alivyo."

"Mama, hapana. Hiyo si haki."

"Haki? Juzi walikuitia fungu la nyama?" Ompung akamfinya shavu. "Wewe huna la kufanya. Kaa kimya tu, basi. Kukaa kimya nako ni kazi?"

Lamria akaliacha hapo. Moyo wake ulikuwa umeruka kwa furaha, nasema kweli, na yeye mwenyewe alikuja kutueleza baadaye bila kuona haya.

Jumapili kanisa lilifurika. Tulikuja hata sisi tulio wavivu wa kuja. Lamria alikuwa ameweka kwenye ratiba nyimbo za kitabu peke yake, maana kukataa kuufuta wimbo ni jambo moja na kuchokoza watu ni jambo jingine. Wimbo wa kwanza ulikuwa namba tatu. Baba Haposan akainuka, akakohoa, akaanzisha.

Ubeti wa kwanza wazee walimfuata. Lakini ng'ambo ya pili, upande wa wanawake, walikaa wake zao, midomo imefumbwa, wamewakazia macho. Mzee mmoja akapunguza sauti, mwingine akajifanya anatafuta ukurasa. Ubeti wa pili Baba Haposan alikuwa peke yake. Watu mia nne, kimya! Mpiga kinanda alichanganyikiwa, akaacha. Sauti ya mzee ilibaki inazunguka juu darini, na sisi tukaisikia jinsi ilivyozeeka. Aligeuka nyuma kututazama. Akaona. Hakuacha kuimba, lakini sauti ilianza kukatika. Mkewe alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kwenye magoti. Mkuu wa jimbo alikaa wima, anatazama, mara huku, mara huku.

Ushindi wa Lamria ulikuwa pale, mzima. Kahawa, nyumba, Sere na shoga yake, vyote. Alichotakiwa ni kusimama tu.

Akashuka madhabahuni na kanzu yake nyeusi, akatembea mpaka benchi la kwanza, akasimama bega kwa bega na Baba Haposan, akashika sauti ya pili.

"Mchungaji!" Mama Ronggur alipaaza sauti kwa mshangao, kisha akajiziba mdomo.

Waliimba wawili ubeti wa tatu mzima. Hakumtazama mzee, alitazama kitabu chake. Kabla ya ubeti wa nne alisema kwa sauti ya chini, mimi nilikuwa benchi la pili nikasikia: "Baba, wimbo ule nimemtungia kaka yangu. Anaitwa Parasian. Mwaka wa tano hajapiga simu. Mama yangu bado anamtengea chakula."

Baba Haposan alisimama mdomo wazi. "Kaka yako?"

"Wa tumbo moja."

Mzee hakuweza kuanza ubeti wa nne. Akauanza Tiarma, yule mpole, kutoka nyuma kabisa, mtoto mgongoni. Mama Ronggur akatikisa kichwa, akasema, "Haya, jamani, yamekwisha," akaingia, na akiingia yeye wote wameingia. Besi ikaja, tena ikaja. Namba tatu ikapaa, nakuambia, vumbi likashuka kwenye boriti. Sijawahi kuipenda namba tatu kama siku ile. Maneno ni ya kale, nusu yake siyaelewi, lakini baba yangu aliimba hiyo.

Tulipomaliza, Baba Haposan hakukaa. Alikwenda mbele mpaka kwenye kiti cha mkuu wa jimbo, akanyoosha mkono.

"Ile barua yetu ya jana. Nirudishie."

"Una hakika, mzee?"

"Sahihi ya kwanza ni yangu. Nirudishie."

Akaichana vipande viwili, akavitia mfukoni. Kisha akatugeukia.

"Mimi," alisema, "kila Ijumaa ninakwenda stendi." Mkewe aliinua kichwa. "Nakwenda kumngoja Haposan. Nilidhani ni siri. Nilidhani mwenye aibu hiyo ni mimi peke yangu kijiji kizima."

"Hata mimi!" mwanamke mmoja akasema kutoka upande wa kushoto.

"Wangu yuko Riau," akasema mwingine. "Mwaka wa tatu huu."

"Wangu sijui aliko." Huyu alikuwa binamu wa Baba Haposan, yule mwita mafungu.

Majina yakaanza kuitwa, mabenchi ya mbele na ya nyuma, wanaume na wanawake, majina ya watoto na waume na ndugu ambayo hayajawahi kutajwa kwa sauti ndani ya jengo lile. Mkuu wa jimbo alitoa leso. Lamria alilia waziwazi, wala hakujifuta.

Baba Haposan aliinua mkono tukanyamaza. Akamtafuta Jonggi kwa macho, akamwona nyuma karibu na mlango, gitaa likiwa ndani ya mfuko wake.

"Wewe Baba Sere. Unajificha nini? Njoo hapa mbele. Wimbo wenu huu, besi inaingilia wapi?"

Jonggi alikuja anajikwaa kwa haraka. Akampa mzee sauti, mzee akaijaribu, akaikosa, akaijaribu tena. Kisha tukaanza, watu mia nne, kwa ile sauti ya juu ya wanawake wa banda la buni, na kinanda kikatufuata kikibahatisha. Tulipofika penye simu isiyopigwa, besi ya mzee ilikatika. Mama Haposan alitoka upande wa wanawake, akavuka njia ya katikati mbele ya macho ya wote, jambo ambalo kwetu halifanywi, akasimama kando ya mumewe akamshika mkono, na kanisa zima likaimba mstari ule kwa ajili yao mpaka mzee alipoweza kurudi kuimba. Nikamtaja mdogo wangu moyoni. Nilikuwa sijamtaja mbele za Mungu kwa miaka.

Wimbo ukaisha. Mkuu wa jimbo akainuka, Biblia mkononi, tayari kuhubiri.

"Subiri kwanza, Mchungaji Mkuu," Baba Haposan alisema, bila kumwachia mkewe mkono. "Keti kidogo. Rudieni, jamani, tangu mwanzo. Sijaushika bado."